Gluteni na soya zinazojificha: mwongozo kwa mwenye tumbo korofi ughaibuni

Anayekwepa gluteni peke yake, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ana rafu yake dukani, na anayekwepa soya peke yake naye hujimudu. Anayekwama ni yule anayekwepa vyote viwili, kwa sababu viwanda hutumia kimoja kuziba pengo la kingine. Mkate usio na gluteni mara nyingi huongezewa unga wa soya ili uwe laini na upate protini. "Nyama" ya mboga isiyo na soya nayo mara nyingi ni gluteni ya ngano tupu, inayouzwa kwa jina la seitan. Kwa hiyo maandishi ya "gluten free" mbele ya pakiti hayakutoshi. Igeuze, usome viambato.

Kwanza lakini, ujue unaugua nini hasa, maana ukali wa mlo hutegemea hapo. Mwenye siliaki, ugonjwa ambao gluteni huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mdogo, huumizwa hata na makombo. Kiwango ambacho wengi hukivumilia ni chini ya miligramu 10 za gluteni kwa siku, ilhali slesi moja ya mkate ina gramu mbili au zaidi. Mwenye IBS, yaani utumbo unaosumbua kwa maumivu, gesi na choo kisichotulia, kwa kawaida husumbuliwa na fruktani, sukari iliyomo kwenye ngano, na kwake wingi ndio huamua: lesithini ya soya (kiambato cha kuunganisha mafuta) kwenye chokoleti haina neno, lakini maziwa yaliyotengenezwa kwa maharage mazima ya soya yatamjaza gesi. Mwenye mzio wa soya huogopa protini yake, hata kidogo. Kujinyima kila kitu bila kujua uko kundi gani ni mateso ya bure.

Na usiache gluteni kabla ya kupimwa siliaki. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na zile hupungua ukiacha ngano, kwa hiyo majibu yanaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kipimo.

Sheria za lebo hazifanani, na hapa ndipo wanaohama nchi hukosea. Umoja wa Ulaya na Uingereza hutambua vizio 14, na ni lazima vikolezwe kwenye orodha ya viambato, aghalabu kwa herufi nzito. Ngano, shayiri, rai, oti na soya zote zimo. Marekani, sheria ya mwaka 2004 inalazimisha ngano na soya, lakini hailazimishi gluteni itajwe, hivyo shayiri inaweza kupita ndani ya "natural flavor" bila kutajwa. Nyama na kuku huko husimamiwa na wizara ya kilimo, na sheria hiyo haiwagusi. Pande zote mbili "gluten free" maana yake ni kiwango cha miligramu 20 kwa kilo: gramu 100 za chakula hicho hazipaswi kuzidi miligramu 2. "Wheat free" ni jambo jingine kabisa, kwani shayiri na rai bado zinaweza kuwemo.

Maneno ya "may contain" (huenda kuna chembe za kizio) ni hiari ya kiwanda. Yakikosekana, si ushahidi kwamba pakiti ni safi.

Ukiwa Ujerumani, tafuta Weizen, Gerste, Roggen, Hafer, Dinkel na Soja. Ufaransa ni blé, orge, seigle, avoine, épeautre na soja. Sweden ni vete, råg, havre, soja na korn. Hiyo ya mwisho huwanasa waliozoea Kiingereza: korn ya Sweden ni shayiri, mahindi huitwa majs.

Sasa maficho yenyewe. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja, kwa hiyo inakugonga mara mbili. Tamari, aina ya sosi ya soya ya Kijapani, mara nyingi haina ngano, ila soya iko palepale. Vipande vya supu (stock cubes), soseji, mchanganyiko wa viungo vya kupaka nyama, na samaki wa kopo aliyewekwa kwenye "vegetable broth" vyote vinahitaji kusomwa. Kimea cha shayiri hupatikana kwenye nafaka za asubuhi, hata zile za mahindi. Hingi (asafoetida), kiungo cha Kihindi, ikiwa ya unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Marekani, "vegetable oil" kwa kawaida ni mafuta ya soya. Yakiwa yamesafishwa sana hubaki karibu bila protini, ndiyo maana sheria huyasamehe, lakini mwenye mzio mkali amuulize daktari wake. Upande wa pili, sharubati ya glukosi ya ngano isikutishe: Ulaya imesamehewa kwa sababu gluteni iliyobaki ni kidogo mno.

Unga wa mahindi, mtama na ulezi hauna gluteni kiasili, ila mashine iliyousaga huenda ilisaga ngano asubuhi hiyo. Nunua wenye alama. Dengu nzima unaweza kuzichambua na kuziosha, punje za ngano zikaonekana. Unga wa dengu hauchambuliki.

Katika nyumba ya kushirikiana, hatari kubwa ni tosta, chujio la pasta, mwiko wa mbao na kopo la siagi ambalo kila mtu huchovya kisu chenye makombo. Nunua vyako hivyo vinne. Sufuria ya chuma ikioshwa kwa sabuni inatosha. Kikaango chenye mikwaruzo hakitoshi. Vyakula vyako viwe rafu ya juu, ili unga wa wenzako usivimwagikie. Moto haui gluteni, kwa hiyo chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia samaki aliyepakwa unga hazikufai.

Dawa nazo zina viambato. Ulaya na Uingereza, karatasi ya ndani ya pakiti huviorodhesha sehemu ya 6. Tafuta wanga wa ngano, na kwenye vidonge laini vya vitamini, mafuta au lesithini ya soya. Usiache dawa kwa sababu hiyo, mwombe mfamasia akutafutie mbadala.

Mkahawani usiulize "hiki kina gluteni?" kwa sababu mhudumu atajibu kwa kubahatisha. Uliza kama kuna sosi ya soya, supu imetokana na kipande, mchuzi umekolezwa kwa unga gani, na mafuta yale yanakaangia nini kingine. Ulaya na Uingereza mkahawa unawajibika kisheria kukupa taarifa za vile vizio 14. Marekani hakuna sheria ya taifa zima kama hiyo, kwa hiyo omba kuzungumza na mpishi mwenyewe.