Kutoka winga hadi namba 9: somo kwa anayeanza skramu hafu

Namba 9 wa timu yetu ya raga, yaani skramu hafu anayeutoa mpira kwa mafowadi na kuwapasia wenzake, alipohamia Dodoma kikazi, jezi yake nikatupiwa mimi. Nilikuwa winga, na sababu ya kuchaguliwa ilikuwa moja tu: mimi ndiye mfupi kuliko wote. Mechi ya kwanza pasi mbili zilipita nyuma ya kichwa cha namba 10, mpokeaji mkuu wa pasi za tisa, moja ikampata refa gotini. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kuchubuka, mengi yake kwenye mchanga wa Raskazone, ufukwe wetu hapa Tanga, maji yakiwa yamekupwa. Yachukueni kama maneno ya mwanafunzi aliyewatangulia darasa moja.

Hatua ya 1: acha kungoja

Winga huishi kwa kungoja. Anasimama karibu na mstari, anahesabu watu, mpira ukimfikia anatimka. Nilipoingia tisa niliendelea na mazoea yale yale: namtazama mwenzetu akiangushwa, ndipo naanza kukimbilia raki, yaani wachezaji wanaosukumana juu ya mpira ulio chini. Nikifika, mpira umeshalala na wapinzani wameshajipanga. Siku hizi naondoka mara tu mbeba mpira anaposhikwa, kabla hajagusa chini, na sikimbilii alipo, nakimbilia atakapoangukia. Njiani nageuza shingo mara moja kuona namba 10 amekaa wapi, maana nikishainama nafasi ya kutazama imekwisha.

Hatua ya 2: miguu

Hapa ndipo kazi ilipo. Unapotoa pasi kushoto, mguu wa kulia, ambao ndio wa nyuma, ukae karibu kabisa na mpira. Wa kushoto utangulie, vidole vikimwelekea mpokeaji. Ukitoa kulia, geuza. Panua miguu kuliko mabega, kunja magoti, shusha nyonga. Ukiinamisha mgongo tu huku miguu imenyooka, pasi itapaa, na usiku kiuno kitakudai.

Kocha anaweza kukwambia hayo mara mia usiyaone. Mchanga mbichi unayaonyesha. Siku za bamvua maji hupwa mbali, unabaki uwanja mpana wa bure. Toa pasi kumi, kisha sogea kando usome nyayo zako. Unyayo wa nyuma ukiwa shubiri mbili kutoka mpira ulipokuwa, ulikuwa unaufuata kwa mikono. Unyayo wa mbele ukielekea baharini na mwenzako alikuwa upande wa barabara, usimlaumu kwa kudondosha. Mimi niligundua kwamba kila nikitoa kulia nilikuwa napiga hatua ndogo ya ziada kabla ya pasi. Hakuna aliyewahi kuiona, hata mimi sikuihisi, lakini nyayo zilikuwa tatu badala ya mbili.

Hatua ya 3: fagia

Winga akiokota mpira huuleta kwanza kifuani. Tisa akifanya hivyo amemkaribisha mpinzani. Fikiria ufagio wa chelewa: hauinuliwi kwanza ndipo ufagie, unaanzia pale pale takataka zilipo. Vivyo hivyo mpira utoke ardhini moja kwa moja, uzito wako ukihama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, na mikono imalizie ikimnyooshea mpokeaji vidole. Mzunguko wa mpira uache uje baadaye. Pasi isiyozunguka ikifika kifuani ni bora kuliko inayozunguka vizuri ikielekea kwenye minazi.

Shabaha yangu ni tairi la baiskeli lililoning'inizwa mtini, na Tanga matairi ya baiskeli hayakosekani. Anza hatua tano, ongeza moja kila wiki.

Hatua ya 4: skramu

Skramu ni mafowadi, yaani wachezaji wa mbele, wanane kwa wanane wakisukumana kuanzisha mchezo upya. Wakishafungana na refa akishawaruhusu, unauingiza mpira kati yao kwa njia iliyonyooka. Sheria inakuruhusu kusimama bega lako likiwa sawa na mstari wa katikati ya skramu, kwa hiyo upande wenu unapata nafuu kidogo. Kisha zunguka haraka hadi miguuni kwa namba 8, fowadi wa nyuma kabisa. Usijifanye umeshautoa mpira ili wapinzani waruke mapema. Ujanja huo una adhabu.

Hatua ya 5: mdomo

Hili lilinishinda kuliko pasi. Mafowadi wetu wawili wana umri wa wajomba zangu, nje ya uwanja nawaamkia shikamoo. Ndani ya uwanja natakiwa niwapigie kelele: "Kulia! Wawili hapa! Bado... bado... sasa!" Wiki za mwanzo nilikuwa nasema "samahani mjomba, sogea kidogo", na mpira unaibwa. Mmoja akaniambia mwenyewe, "Wewe nifokee, heshima utanipa tukimaliza." Tangu hapo nafoka, na baada ya mechi nawaamkia upya.

Mateke ya juu kutoka nyuma ya raki yaacheni kwanza. Mimi mwenyewe bado upepo wa kusi unanirudishia.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni mrefu, futi sita na ushee. Nina nafasi hapo?*

Unayo. Faf de Klerk, bingwa wa dunia na Afrika Kusini mwaka 2019 na 2023, ni mfupi, lakini Joost van der Westhuizen aliyevaa 9 nchi hiyo ilipotwaa Kombe la Dunia 1995 alikuwa mrefu kama wewe. Kazi yako ni kushuka chini zaidi, basi. Fanyia mapaja mazoezi.

*Kaka, nikiinama kwenye raki mtu aliyemo ndani akanivuta mkono, ni halali?*

Hapana dada, mpira ukiwa bado haujatoka hiyo ni faulo. Lakini ukishauinua tu, mpinzani aliyekuwa nyuma ya mstari wake wa kuotea ana haki ya kukuangusha. Halafu usichelewe: refa akikuambia utumie mpira una sekunde 5, zikipita skramu wanapewa wao.

*Sisi Pangani tuko kumi tu. Somo hili litatufaa?*

Chezeni raga ya wachezaji saba kila upande, mkiazima wanne kwa majirani. Skramu inakuwa watatu kwa watatu, na tisa bado yupo. Antoine Dupont wa Ufaransa, tisa wa raga ya kumi na tano, alihamia ya saba akachukua dhahabu ya Olimpiki Paris 2024.

*Pasi yangu ya kushoto iko sawa, ya kulia inakufa njiani. Nifanye nini?*

Ulitazama nyayo?

*Bado.*

Kesho maji yakipwa nenda ukatazame, kisha uniambie ni ngapi.