Barua ya Seyyid: namna ya kujua kama ni ya kweli

Ukiletewa barua ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, iliyotoka kwenye sanduku la mtu Mji Mkongwe, usikimbilie karatasi. Karatasi kongwe tupu haina shida kuipata: mghushi huchana ukurasa wa mwisho wa daftari la zamani. Ukiona safu ya vitundu vya sindano ukingo mmoja, shuku.

Anza na tarehe. Barghash alitawala 1287 hadi 1305 Hijria, yaani 1870 hadi 1888 Miladia. Mghushi mvivu hutoa 622 kwenye mwaka wa Miladia, 1880 akaupata 1258, akasahau kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Kwa kweli 1880 iliangukia 1297 na 1298. Siku ya juma ikitajwa, geuza tarehe iwe ya Miladia uone kama siku inaafikiana. Ikipishana kwa siku moja si neno, mwezi huandama kwa kuonekana. Siku tatu ni neno.

Khati tofauti isikutishe, makarani walikuwa wengi. Mhuri ndio wa kulinganisha: upime kwa milimita, kisha uende Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukautazame mhuri wa barua inayojulikana. Mhuri mmoja ukigongwa mara mbili, wino haukai sawasawa. Kwa hiyo ukikuta hata doa na pengo vinalingana na picha fulani, umenakiliwa.

Sasa chukua lenzi ya mara 10 na tochi, uimulike barua kwa ubavuni. Nukta ndogo za rangi maana yake ni mashine ya kuchapia. Tazama mikunjo na matundu ya wadudu: wino wa zamani hukatwa na tundu; ulioandikwa juzi hulizunguka au huvujia kwenye nyuzi zilizopasuka. Hapa ndipo wengi hunaswa. Rangi ya chai hupaka kote sawasawa, lakini uzee huanzia kingoni na kuacha ndani ya mikunjo pakiwa peupe zaidi.

Mwisho, chumba cha giza na tochi ya urujuanimno (UV). Karatasi nyingi za tangu miaka ya 1950 hung'aa buluu-nyeupe. Isipong'aa, hilo peke yake si ushahidi wa ukongwe.

Tafadhali, usiilowanishe, usiibandike selotepu wala kuifunika plastiki. Unyevu wa pwani unaitosha.