Namna ya Kuunda Lugha ya Ulimwengu wa Njozi: Tangulia na Sauti

Mwandishi anayetaka watu wa hadithi yake ya njozi wawe na lugha yao wenyewe kwa kawaida huanza kwa kutunga maneno: neno la mfalme, neno la upanga, neno la joka. Maneno yaliyotungwa namna hiyo, moja moja, hayana udugu baina yao, na msomaji huligundua jambo hilo hata asipoweza kulieleza. Ninashauri uanze kwenye sauti na kwenye kanuni zinazozibadilisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya sarufi itazaliwa humo. Mwandishi aliyelelewa katika visiwa vya Lamu ana bahati katika kazi hii, maana matokeo ya kanuni za aina hiyo huyasikia kila anapovuka kutoka Amu kwenda Pate, Siyu au Faza.

Chagua kwanza irabu na konsonanti, na uchague chache. Kihawaii kina konsonanti nane tu, na Kiarabu cha kale hutosheka na irabu za aina tatu, fupi na ndefu. Wengi huvutiwa na sauti za ajabu, na kwa kweli hatuhitaji kwenda mbali kuzitafuta: Wadahalo, majirani zetu wa upande wa bara, wana lugha ya Kikushi yenye vidoko, yaani sauti za kudoa kwa ulimi kinywani, jambo ambalo ni nadra sana nje ya kusini mwa Afrika. Lakini sauti ngeni hutumika vizuri pale tu inapokuwa na jirani zake na nafasi yake katika neno. Sura ya lugha huamuliwa zaidi na sauti zisizokuwamo na namna silabi inavyojengwa. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukiyaita miji yako kwa majina kama Tumeka au Maliro, msomaji wako atadhani ni vijiji vya pwani hii hii. Ruhusu silabi zifungwe kwa konsonanti, au ondoa irabu moja, naye atahisi mara moja kwamba amefika ugenini. Fikiria pia tofauti ambazo maandishi huzificha, kama ule mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja na “p”, unaomtenganisha paa wa porini na paa la nyumba katika matamshi yetu.

Baada ya hapo jifunze jinsi sauti zinavyobadilika kwa utaratibu. Linganisha Kiamu, lahaja ya Lamu, na Kiswahili sanifu: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga; vivyo hivyo njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Uhusiano huo hauchagui neno moja na kuliacha jingine ovyo. Hata hivyo chombo hakigeuki kuwa “tombo”, kwa sababu “ch” yake ina asili nyingine: imetokana na kiambishi “ki” kilichokutana na irabu. Jambo hili ningependa kila mtunzi wa lugha akae nalo kwa muda mrefu. Sauti mbili zinazofanana leo zinaweza kuwa na historia mbili, na historia hiyo ndiyo inayoamua zitakavyotenda. Lugha ya kubuni iliyo na siri za namna hii huonekana kongwe ijapokuwa imetungwa mwaka huu.

Nitatoa mfano wa lugha ya watu wa visiwa vya mikoko ambao hawana irabu “o” kabisa. Katika lugha yao ya zamani, “tak” ni chombo cha baharini, wingi huundwa kwa kuongeza “i”, na mahali huonyeshwa kwa kuongeza “u”. Sasa weka kanuni tatu. Ya kwanza, “a” hugeuka kuwa “e” ikiwa silabi inayofuata ina “i”. Ya pili, “p”, “t” na “k” zikiwa katikati ya irabu mbili hughunika, yaani huwa “b”, “d” na “g”. Ya tatu, “i” ya mwisho wa neno hudondoka. Wingi wa zamani, “taki”, utapita kwenye “teki”, kisha “tegi”, na kuishia kuwa “teg”. Pale chomboni patakuwa “tagu”, na vyomboni, ambako “i” haiko mwisho bali husikika kama “y” mbele ya “u”, patakuwa “tegyu”. Maumbo hayo manne, tak, teg, tagu na tegyu, yanaonekana kama ukaidi mtupu kwa mgeni anayejifunza lugha, lakini wewe unajua kila moja lilikotoka. Ukiwa na neno “lat” la kisima, wingi wake hautungi tena: ni “led”.

Mpangilio wa kanuni una uzito sawa na kanuni zenyewe. Ikiwa “i” ya mwisho itadondoka kabla ya konsonanti kughunika, “teki” itakuwa “tek” na kubaki hivyo, kwa sababu “k” haiko tena baina ya irabu mbili. Ikidondoka kabla ya yote, wingi na umoja vitakuwa kitu kimoja, “tak”. Kwa hiyo usipoteze muda kutunga lahaja ya pili kuanzia mwanzo. Wape watu wa kisiwa cha kaskazini mpangilio mmoja na wa kusini mpangilio mwingine, nawe utapata lahaja mbili ambazo wasemaji wake wanaelewana, na ambazo humwezesha mhusika mmoja kumtambua mwenzake atokako kwa neno moja tu.

Kanuni hizo pia zitakuachia mapengo, na hapo ndipo sarufi inapoanza kuwa na kazi ya kweli. Tuseme “len” ni mtu. Wingi wake wa zamani ni “leni”, “i” inadondoka, na tunabaki na “len” tena. Usikimbilie kubandika kiambishi kipya. Kiswahili kina hali hiyo hiyo katika nyumba, ambayo umoja na wingi wake hujulikana kwa nyumba hii na nyumba hizi. Acha kionyeshi au kitenzi kibebe idadi, na upatanisho wa kisarufi utakuwa umepata sababu ya kuwapo.

Kuhusu mpangilio wa maneno sitasema mengi: kama kitenzi kinakuja mwisho wa sentensi, kama ilivyo katika Kijapani na Kituruki, basi vihusishi navyo kwa kawaida huja baada ya nomino, kwa hiyo ni vyema sehemu hizo mbili zifuatane.

Jambo linalostahili fikira zaidi ni lile ambalo lugha yako itamlazimisha msemaji kulitaja. Kiswahili hukulazimisha kujua ngeli kabla ya kusema “kizuri” au “mzuri”. Kituruki hutenganisha kwa viambishi tukio lililoshuhudiwa na lililosikika tu kwa watu. Kihawaii kina maneno ya kawaida ya kuelekeza upande wa bahari na upande wa bara. Watu wanaoishi kwa kupwa na kujaa kwa maji wana haki ya kuwa na kiambishi cha “kuelekea baharini” ndani ya kitenzi. Tukichukua mzizi “mur” wa kusafiri, “ma” ya upande wa bahari, “na” ya aliyeshuhudia na “sul” ya aliyesikia, tunapata “Len tagu murmana”, mtu alikwenda baharini chomboni nami nilimwona, na “Len tagu murmasul”, nimeambiwa tu kwamba alikwenda. Katika hadithi ya nahodha aliyepotea, tofauti ya silabi hiyo moja inaweza kubeba ushahidi mzima mbele ya kadhi.

Mwishowe, andika kwa tahajia ambayo msomaji wa Kiswahili ataisoma bila mwongozo, na usitie alama ya juu wala herufi maradufu isipokuwa inatenganisha maana. Kisha tafsiri vifungu vya kweli: salamu, mapatano ya nauli, laana, hesabu ya samaki waliovuliwa. Kila panapokosekana neno, litunge katika umbo la zamani, lipitishe kwenye kanuni zako kwa mpangilio wake, na uandike maumbo yote mawili daftarini. Majina ya ramani uyafanye ya mwisho, kwa maana majina ya mahali huhifadhi maumbo ambayo usemi wa kila siku umeyaacha. Bandari iliyopewa jina zamani inaweza kuendelea kuitwa Taki hata baada ya mabaharia wote kusema “teg”.