Namna ya Kupunguza Mafuta Yaliyoshiba Katika Damu
Anza kwa kusoma lebo: Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba (yale yanayoganda kwa kawaida, kama ya siagi) yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000, kiasi kinachokaribia kufikiwa kwa vijiko vikubwa vitatu tu vya siagi. Lakini, na hili husahaulika mno, asidi ya palmitiki, aina mojawapo ya mafuta yaliyoshiba, iliyomo katika damu haitokani na mafuta tunayokula pekee, kwa kuwa ini huitengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi. Kwa hiyo ukiacha siagi ukaongeza soda, moyo hautapata nafuu. Tumia badala ya siagi mafuta ya alizeti au zeituni, yanayosaidia kushusha lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL). Pima tena damu baada ya miezi miwili au mitatu, na usiache dawa ulizoandikiwa bila kumwuliza daktari.