Jinsi ya Kusoma Madini ya Maji ya Chemchemi na Kuyatambua kwa Ulimi

Maji ya chemchemi hupata ladha yake ardhini, yanapopenya polepole kwenye miamba na kuyeyusha sehemu ya madini yake. Kwa hiyo chupa mbili zinaweza kulingana kwa wingi wa madini na bado zikatofautiana kabisa kinywani, kwa sababu kinachoamua ladha ni aina ya madini hayo.

Hatua ya kwanza: chagua maji yasiyo na gesi, kwani gesi huyatia maji uchachu unaofunika mengine yote. Kisha tafuta kwenye lebo jumla ya madini, inayoandikwa kwa miligramu kwa lita. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, maji yasiyozidi 50 huitwa yenye madini machache sana, yasiyozidi 500 machache, na yanayopita 1,500 mengi.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kazi hii, ni kusoma kila aina ya madini peke yake. Bikaboneti hupunguza ukali wa asidi na kuyafanya maji yahisiwe laini. Magnesi ikiwa nyingi pamoja na salfeti huleta uchungu unaobaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Sodiamu huanza kuonjeka karibu na miligramu 200 kwa lita, hasa ikiandamana na kloridi. Linganisha chapa za maji za Evian na Volvic, zote za Ufaransa: ya kwanza ina kalsiamu takriban miligramu 80 kwa lita na bikaboneti takriban 360, ya pili, inayotoka kwenye miamba ya volkeno, ina kalsiamu takriban 12 tu, lakini silika yake (madini yaliyomo pia kwenye mchanga) hufika takriban 30. Usitegemee hapa kipimo cha mkononi cha jumla ya madini. Hicho hupima jinsi umeme unavyopita majini, na silika, ambayo kwa kawaida haibebi chaji, hukipita bila kuonekana.

Hatua ya tatu: weka chupa zote mahali pamoja mpaka zilingane joto, nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi. Maji ya baridi kali huufisha ganzi ulimi. Suuza glasi kwa maji yale yale utakayoyaonja, maana harufu ya sabuni hudumu kuliko tunavyodhani.

Hatua ya nne: onja kuanzia maji mepesi, yenye madini machache, kuelekea mazito, yenye madini mengi; kwani ukianza na mazito, mepesi yatakayofuata utayaona chapwa bila kosa lake. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, lishikilie kidogo, umeze, kisha usubiri. Andika kwanza uzito wake mdomoni, halafu ladha, na mwisho kinachobaki kooni.

Hatua ya tano: mwombe mtu akumiminie bila wewe kuona chupa, kisha ulinganishe maandishi yako na lebo. Ukishindwa kuyatofautisha, anza upya na maji mawili yaliyoachana sana kwa bikaboneti, na upunguze pengo hilo kidogo kidogo kadiri ulimi unavyozoea.