Kutambua forosadi mwitu kabla ya kula

Anza na majani, tunda baadaye. Majani ya mforosadi yana kingo za meno kama msumeno, na kwenye mti uleule utakuta mengine mazima, mengine yamegawanyika sehemu mbili au tatu. Chuma moja: kikonyo hutoa utomvu mweupe. Usiutegemee utomvu peke yake, maana mimea mingi ya sumu inao pia.

Tunda lina sentimita 1 hadi 3, vipunje vingi vidogo vilivyoshikana, na ukilichuma kikonyo huja nalo. Rangi hudanganya: aina nyeupe huiva bila kuwa nyeusi. Tikisa tawi taratibu. Yaliyoiva huanguka yenyewe. Mabichi huvuruga tumbo.

Ndege kuyala hakuthibitishi chochote kwa binadamu.