Dada zangu wa timu, Japani si Mambrui

Mimi ndiye ninayefunga mabegi ya timu ya soka ya kanisa letu hapa Malindi, na safari hii si ya Mambrui hapo jirani bali ya Japani, basi nisikilizeni. Anzeni na viatu. Kule huingii nyumba ya mtu na viatu, hata makanisa mengine ni hivyo hivyo. Njumu zikae kwenye mfuko wake, na soksi ziwe nzima, si zile za kuchungulia kidole. Embe na nyama acheni, forodhani hazipiti. Tafuteni adapta ya pini mbili bapa. Umeme wao ni volti 100, kwa hiyo mashine ya nywele ya huku itanguruma bila joto.

Uwanjani msijifanye walimu: Wajapani walitwaa Kombe la Dunia la wanawake 2011. Chezeni, inameni mkisalimu, okoteni chupa zenu. Ushuhuda uje mkiulizwa. Wakristo kule ni yapata asilimia 1, na kuombewa na mgeni kwa sauti ya juu kutawashtua wengi (mama wa kwaya, nakutazama wewe). Mkikosa la kuanzia, semeni mmisionari Francis Xavier alipita Malindi 1542, akafika Kagoshima, kulekule Japani, 1549. Picha ya kile kikanisa cha Wareno cha hapa Malindi iwe tayari kwenye simu.